Nyaatha na safari ndefu ya kuufikia utakatifu

MNAMO Mei 23, 2015, maelfu ya waumini walifurika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kushuhudia jambo ambalo halikuwa limewahi kutendeka katika ardhi ya Kenya. Siku hiyo mtawa kutoka Italia, Sista Irene Stefani, aliyeaga dunia takriban miaka 85 awali, alitangazwa Mwenye Heri wa Kanisa Katoliki katika misa iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo kwa niaba ya Papa Francis.

Kwa wenyeji wa Gikondi, eneo la Mukurweini, jina Irene halikuwa na uzito mkubwa. Wao na wazazi wao walimjua mtawa huyo kwa jina walilompa wenyewe, Nyaatha. Katika lugha ya Gikuyu, ‘tha’ ni huruma, na Nyaatha ni mama mwenye huruma.

Miaka imesonga tangu sherehe hiyo na Nyaatha angali Mwenye Heri. Hajatangazwa mtakatifu. Wapo Wakatoliki wanaodhani hizo daraja mbili ni kitu kimoja, na wapo wasio Wakatoliki wanaoamini kwamba watakatifu huteuliwa na Papa kama vile rais anavyowateua mawaziri wake.

Ukweli ni kwamba safari ya mtu kutoka kaburini hadi kwenye orodha ya watakatifu ni ndefu, ina sheria zake, mashahidi wake na mahakama yake. Wengi huikwama njiani. Kisa cha Nyaatha chaweza kumsaidia msomaji kuielewa safari hiyo hatua kwa hatua, na pia kufahamu ni kwa nini taifa ambalo katika sensa ya mwaka wa 2019 lilikuwa na Wakatoliki takriban milioni 9.7 halijapata mzalendo hata mmoja aliyetangazwa mtakatifu.

Binti wa Anfo

Nyaatha alizaliwa Agosti 22, 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia, na kupewa jina Mercede. Alikuwa mmoja wa watoto 12. Mwaka wa 1911 alijiunga na Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata, lililokuwa limeanzishwa mjini Turin mwaka mmoja tu awali na padri Giuseppe Allamano. Alipovaa vazi la kitawa mwaka wa 1912 alichukua jina Irene, lenye maana ya amani.

Aliweka nadhiri zake Januari 1914, na kufikia mwanzo wa mwaka wa 1915 tayari alikuwa amewasili nchini. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Wamisionari wa kiume wa Consolata walikuwa wamemtangulia. Walifika Tuthu, Murang’a, mwaka wa 1902, enzi ambapo utawala wa Uingereza ulikuwa ukijikita katika nyanda za juu. Hili halifai kufichwa. Misheni na ukoloni vilifika kwa wakati mmoja, na kwa Waafrika wengi wa wakati huo ilikuwa vigumu kumtofautisha Mzungu mwenye msalaba na Mzungu mwenye bunduki. Yeyote aliyetaka kuaminiwa ilimbidi aoneshe kwa matendo ni yupi kati ya hao wawili.

Fursa ya kuonesha hilo ilimjia Irene mapema kuliko alivyotarajia, na ilikuja kwa sura ya vita.

Wagonjwa wa Kariakoo

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana pia Afrika Mashariki. Kwa kuwa barabara zilikuwa chache na mbung’o waliangamiza wanyama wa mizigo, jeshi la Uingereza liliwalazimisha Waafrika kubeba silaha na vyakula vyake kwa vichwa na mabega. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, jina ambalo midomo ya wenyeji ililigeuza kuwa Kariakoo. Mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ingali inahifadhi kumbukumbu hiyo, ingawa wengi wanaouza na kununua humo hawaijui asili ya jina.

Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Waliouawa na risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na walioangamizwa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa.

Irene alipelekwa kuwauguza katika hospitali za kijeshi. Alihudumu Voi, kisha akavuka mpaka hadi Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali hizo zilikuwa hospitali kwa jina tu. Wagonjwa walirundikana sakafuni, vidonda vikioza, dawa haba na wahudumu wachache. Mtawa huyo kijana alisafisha vidonda, akalisha wasiojiweza na kujifunza maneno machache ya lugha mbalimbali ili angalau mtu asife bila kuzungumzishwa.

Masimulizi yaliyohifadhiwa na shirika lake yanaeleza kwamba siku moja, mjini Kilwa, alikuta kitanda cha mgonjwa aliyekuwa akimfunza dini kikiwa kitupu. Aliambiwa mtu huyo amekufa na mwili wake umepelekwa ufuoni pamoja na maiti nyingine. Irene alikimbia hadi huko, akapekua miili mmoja baada ya mwingine, na kumpata akiwa bado anapumua. Mtu huyo alikata roho baadaye, lakini hakufia miongoni mwa maiti.

Mwalimu, muuguzi na mwandishi wa barua

Baada ya vita, Irene alirejea Nyeri na kuanzia mwaka wa 1920 akapangiwa Gikondi. Huko ndiko alikokaa kwa miaka kumi, hadi kufa kwake.

Kazi yake haikuwa ya ajabu. Alifundisha shuleni, alizunguka vijijini kwa miguu kuwatembelea wagonjwa na alisaidia akina mama waliojifungua. Aliwaita watu shuleni nyumba kwa nyumba wakati ambapo wazazi wengi hawakuona faida ya kumtuma mtoto, hasa wa kike, akakae darasani.

Aliandika barua pia. Vijana wa Gikondi walikuwa wameanza kuhamia Nairobi na Mombasa kutafuta kazi ili wapate pesa za kulipia kodi ya mkoloni. Wazazi waliobaki nyuma hawakujua kusoma wala kuandika. Irene aliwaandikia barua za kuwapelekea wana wao, akawasomea majibu na kuendelea kuwasiliana na wanafunzi wake wa zamani waliokuwa mbali.

Mwaka wa 1930 aliomba ruhusa ya mkuu wake ayatoe maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya umisheni. Muda si mrefu baadaye tauni ilizuka. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliougua ni mwalimu mmoja aliyekuwa amemfanyia hila ili achukue nafasi yake shuleni. Irene alimuuguza mtu huyo hadi pumzi ya mwisho, na katika kumuuguza akaambukizwa.

Alifariki Oktoba 31, 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Alizikwa Mathari, Nyeri. Siku hizi masalia yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Consolata mjini Nyeri.

Mlango wa kwanza: sauti ya watu

Je, mtu kama huyo hufikaje kwenye meza ya Papa?

Jambo la kwanza ambalo Kanisa huuliza halihusu miujiza. Huuliza iwapo watu wa kawaida waliomfahamu marehemu walimwona kuwa mtakatifu, na iwapo sifa hiyo imedumu baada ya kifo chake. Sifa hiyo haipaswi kutengenezwa na jamaa, chama au shirika linalotaka kujitukuza. Yapaswa iwe imechipuka yenyewe.

Katika karne za mwanzo za Ukristo sauti hiyo ya watu ndiyo iliyotosha. Waumini waliwaheshimu mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani, na maaskofu wa mahali waliidhinisha heshima hiyo. Mtakatifu wa kwanza anayejulikana kutangazwa rasmi na Papa ni Askofu Ulrich wa Augsburg, Ujerumani, mwaka wa 993. Mwaka wa 1234 Papa Gregory IX aliyafanya mamlaka hayo kuwa ya Papa pekee. Sababu ilikuwa wazi: kila mahali palianza kuwa na mtakatifu wake, na baadhi yao hawakuwa na lolote la kujivunia ila hadithi tamu.

Sheria zinazotumika hivi leo zilitolewa na Papa John Paul II Januari 25, 1983. Kulingana na sheria hizo na kanuni zilizoziandamia, angalau miaka mitano sharti ipite baada ya mtu kufa kabla ya mchakato kuanzishwa. Nia ni kuacha machozi yakauke na hisia zipoe, ili mtu apimwe kwa kichwa kilichotulia.

Papa anaweza kuilegeza kanuni hiyo. Alifanya hivyo kwa Mama Teresa wa Calcutta, aliyefariki Septemba 5, 1997 na kutangazwa mtakatifu Septemba 4, 2016. Papa John Paul II mwenyewe, aliyefariki Aprili 2, 2005, hakusubiri miaka mitano mchakato wake uanze. Hata hivyo, hao ni wachache. Nyaatha alisubiri zaidi ya miaka 50.

Faili na mashahidi

Mchakato ukiidhinishwa, askofu wa jimbo alikofia mhusika hufungua uchunguzi. Tangu hapo mhusika huitwa Mtumishi wa Mungu. Huteuliwa mtetezi wa kuisimamia kesi, na tume hukusanya kila alichoandika marehemu, iwe ni vitabu, hotuba au barua za kawaida kwa ndugu zake.

Mashahidi huitwa na kula kiapo. Hawaitwi wanaomsifu tu. Sheria inataka wanaopinga nao wasikizwe, na ushahidi wao uingizwe kwenye faili. Kwa karne kadhaa kulikuwapo afisa maalum aliyejulikana na umma kama ‘wakili wa shetani’, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kila dosari katika maisha ya mhusika. Mageuzi ya mwaka wa 1983 yaliupunguza sana wajibu huo, na sasa mkazo umewekwa kwenye utafiti wa kihistoria.

Katika hatua hii kuna katazo ambalo huwashangaza wengi. Ni mwiko kumtukuza Mtumishi wa Mungu hadharani kana kwamba tayari ni mtakatifu. Agizo hilo lilitiliwa mkazo na Papa Urban VIII mwaka wa 1634. Muumini anaweza kuomba faraghani kwenye kaburi lake, lakini picha yake haichorwi na mng’ao kichwani, wala kanisa halipewi jina lake. Wafuasi wenye pupa wanaweza kuiharibu kesi wanayoipenda.

Faili likikamilika hutumwa Roma, kwenye idara ya Vatican inayoshughulikia kesi za watakatifu. Huko huandaliwa kitabu kinene chenye hoja na ushahidi wote. Wanahistoria hukipitia inapohitajika, wanatheolojia hupiga kura, kisha makardinali na maaskofu nao hupiga yao. Wakikubaliana kwamba mhusika aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, Papa hutia sahihi na mhusika hupewa daraja ya Mheshimiwa. Papa Benedict XVI alimpandisha Nyaatha daraja hiyo mwaka wa 2011.

Maji ya Nipepe

Mheshimiwa huwa Mwenye Heri muujiza mmoja uliotokana na maombezi yake unapothibitishwa. Kwa shahidi aliyeuawa kwa sababu ya imani, muujiza huu wa kwanza hauhitajiki, kwa kuwa damu yake huhesabiwa kuwa ushahidi tosha.

Miujiza mingi inayowasilishwa ni ya uponyaji. Jopo la madaktari hupewa rekodi za hospitali na kuulizwa swali moja: je, sayansi inaweza kueleza jinsi mgonjwa huyu alivyopona? Uponyaji sharti uwe kamili, wa kudumu na usiotokana na tiba. Kwa mujibu wa kanuni zilizotolewa mwaka wa 2016, jopo kamili lina wataalamu saba, na angalau watano kati yao lazima wakubaliane kwamba hakuna maelezo ya kisayansi. Madaktari hawatamki neno muujiza, kwani hiyo si taaluma yao. Wanatheolojia ndio huchunguza iwapo kuna uhusiano kati ya sala zilizotolewa na kilichotokea.

Muujiza wa Nyaatha haukuwa wa uponyaji, na haukutokea Kenya. Ulitokea Nipepe, katika mkoa wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vimepamba moto.

Waasi walipoivamia misheni hiyo, takriban watu 270 walijifungia kanisani. Nje kulikuwa na bunduki, na ndani hapakuwa na maji ila machache yaliyokuwa katika gogo lililochongwa kuwa kisima cha ubatizo. Walimwomba Sista Irene awaombee. Walionusurika walishuhudia kwamba watu hao wote waliyanywa maji yale kwa siku kadhaa bila kukauka, na kwamba hata mtoto mchanga aliyezaliwa humo alioshwa kwa maji hayo.

Mashahidi walihojiwa, ujazo wa gogo ukapimwa na mahitaji ya maji ya umati huo yakakadiriwa. Juni 12, 2014, Papa Francis aliidhinisha kwamba tukio hilo lilikuwa muujiza. Mwaka uliofuata Nyeri ikafurika. Kwa sadfa, siku iyo hiyo Askofu Mkuu Oscar Romero, aliyepigwa risasi akiadhimisha misa mwaka wa 1980, alikuwa akitangazwa Mwenye Heri katika jiji la San Salvador, nchini El Salvador.

Kilichosalia

Mwenye Heri huheshimiwa rasmi katika jimbo, nchi au shirika linalohusika. Mtakatifu huheshimiwa na Kanisa lote duniani. Ili Nyaatha avuke mpaka huo, unahitajika muujiza wa pili, uliotokea baada ya Mei 23, 2015. Muujiza wa zamani, hata ukiwa na ushahidi mzito kiasi gani, haukubaliwi.

Romero alikwisha kuvuka. Alitangazwa mtakatifu Oktoba 14, 2018. Mwanzilishi wa shirika la Nyaatha, padri Allamano, aliyekuwa Mwenye Heri tangu mwaka wa 1990, naye alitangazwa mtakatifu Oktoba 20, 2024. Muujiza wake ulihusu kupona kwa Sorino, mwanamume wa jamii ya Yanomami katika msitu wa Brazil, aliyejeruhiwa vibaya kichwani na chui-mwitu wa huko mwaka wa 1996. Hivyo basi Allamano alingoja miaka 34 kati ya daraja hizo mbili. Subira huvuta heri, lakini hapa heri yenyewe haina tarehe.

Papa anaweza pia kusamehe sharti la muujiza wa pili, kama alivyofanya Papa Francis alipomtangaza Papa John XXIII mtakatifu mwaka wa 2014. Fauka ya hayo, mwaka wa 2017 Papa Francis aliongeza njia mpya, ya wale wanaoyatoa maisha yao kwa hiari kwa ajili ya wengine, mathalani anayekubali kuuguza wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza huku akijua atakufa. Anayesoma kisa cha Gikondi hataona ugumu kuielewa njia hiyo.

Majirani walitangulia

Afrika Mashariki na Kati si ngeni katika mambo haya. Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, wakiongozwa na Charles Lwanga, waliuawa kati ya mwaka wa 1885 na 1887 wakati wa utawala wa Kabaka Mwanga. Walitangazwa Wenye Heri mwaka wa 1920 na watakatifu Oktoba 18, 1964. Kila Juni 3, mahujaji humiminika Namugongo, miongoni mwao Wakenya wanaokwenda kwa miguu. Waanglikana nao huwakumbuka mashahidi wao waliouawa katika dhuluma iyo hiyo.

Sudan ilimtoa Josephine Bakhita, msichana aliyeibwa na kuuzwa utumwani, ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 1, 2000. Congo ina Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka wa 1964 akiitetea nadhiri yake.

Wa karibuni zaidi ni Floribert Bwana Chui wa Goma, ambaye kisa chake kinapaswa kusomwa na kila afisa wa forodha katika eneo hili. Kijana huyo alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa hongo iliyonuiwa kumfanya aruhusu vyakula vilivyoharibika vivuke mpaka na kuuzwa kwa wananchi. Alitekwa nyara na kuuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Juni 15, 2025, alitangazwa Mwenye Heri jijini Roma kama shahidi wa imani.

Tanzania nayo inasubiri kwa hamu hatima ya kesi ya Mwalimu Julius Nyerere, ambayo ilifunguliwa katika Jimbo la Musoma na kumfanya aitwe Mtumishi wa Mungu.

Otunga na saa inayokimbia

Hapa nchini, macho yote yanaelekezwa kwa Kardinali Maurice Michael Otunga. Mwana huyo wa Chifu Sudi Namachanja wa jamii ya Wabukusu alizaliwa Chebukwa mwaka wa 1923, akapadirishwa Roma mwaka wa 1950 na kuwa kardinali wa kwanza Mkenya mnamo Machi 1973. Alipostaafu uaskofu mkuu wa Nairobi mwaka wa 1997 hakutafuta jumba la kifahari. Alikwenda kuishi miongoni mwa wazee maskini wanaotunzwa na watawa. Alifariki Septemba 6, 2003.

Mwaka wa 2005 mwili wake ulihamishwa kutoka makaburi ya Msongari hadi Karen, katika bustani ya Resurrection Garden. Hatua hiyo haikukosa wapinzani miongoni mwa watu wa ukoo wake, kwani kufukua maiti ni jambo zito katika mila za jamii nyingi nchini. Mvutano huo ulionesha kwamba mtakatifu mtarajiwa huwa na wadai wengi: Kanisa, jamaa, kabila na taifa.

Otunga sasa ni Mtumishi wa Mungu. Iwapo siku moja atafika mwisho wa safari, atakuwa mzaliwa wa kwanza wa Kenya kupewa heshima hiyo. Ila kuna tatizo ambalo pesa wala sala pekee haziwezi kulitatua, nalo ni muda.

Mahakama ya Roma huamini kilichoandikwa na kuapiwa. Utamaduni wetu, kwa upande wake, umehifadhi mengi katika vinywa vya wazee. Waliosoma naye, waliofanya kazi chini yake na waliomwona akitenda wema asiopenda utangazwe, wanazeeka na kufa. Kila mmoja wao anapozikwa bila ushahidi wake kunakiliwa, ukurasa mmoja wa faili hung’olewa. Nyaatha alibahatika. Uchunguzi wa kesi yake ulipoanza, walikuwapo bado wazee wa Gikondi waliomkumbuka mtawa aliyepita vijijini mwao walipokuwa watoto.

Suala la gharama nalo huulizwa. Kuandaa faili, kutafsiri hati na kulipa wataalamu kunahitaji fedha, na kwa muda mrefu mashirika tajiri ya Ulaya yalionekana kuwa na nafasi bora kuliko majimbo maskini. Mnamo 2016 Papa Francis alitoa kanuni za kusimamia fedha hizo kwa uwazi, na upo mfuko wa kusaidia kesi zisizo na wafadhili.

Hawaabudiwi

Huenda msomaji wa dini au dhehebu jingine akauliza, je, Wakatoliki huwaabudu hao watu? Mafundisho ya Kanisa lenyewe yanakana. Ibada ni ya Mungu pekee. Mtakatifu huombwa aombee, kama vile mtu anavyomwomba jirani amkumbuke katika sala, na maisha yake huwekwa mbele ya waumini yawe kielelezo. Madhehebu mengi ya Kiprotestanti yanaipinga hoja hiyo, na mjadala huo una karne tano sasa.

Isitoshe, Kanisa halidai kwamba humfanya mtu kuwa mtakatifu. Hudai tu kwamba hutambua kile ambacho tayari Mungu amekitenda. Ndiyo sababu kila mwaka, Novemba 1, huadhimisha sikukuu ya watakatifu wote, wakiwemo wale ambao majina yao hayajulikani na yeyote duniani.

Sikukuu ya Nyaatha huadhimishwa siku moja kabla yake, Oktoba 31, tarehe aliyofariki. Muujiza wa pili ukipatikana, jina lake litasomwa Roma mbele ya dunia nzima. Usipopatikana, itasalia hukumu iliyotolewa mapema zaidi na wakulima wa Gikondi, wasiokuwa na faili wala jopo la madaktari, walipompa mgeni jina la lugha yao wenyewe.